Kisanduku cha Manjano na Chubwi za Kendu Bay

Siku niliyostaafu, vijana wa ofisi ya afya walinipa saa ya ukutani. Inachelewa dakika kumi kila siku, kwa hiyo imeshazoea utumishi wa serikali. Baada ya keki wakaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi ya mionzi katika wilaya za Migori na Homa Bay miaka ya tisini, maana kipima mionzi bado kimo kabatini na hakuna anayejua kilifikaje hapo. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitavitaja. Viko kwenye faili langu, na ni faili jembamba.

Mimi ni Marwa, Mkuria wa upande wa Kehancha, bwana afya kwa mafunzo na kwa tabia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa vyoo, visima na machinjio. Kwa Waluo wa ziwani nilikuwa mgeni. Kidholuo changu kilitosha kununulia samaki tu, basi tulielewana kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Waliniita daktari, kama wanavyomwita kila mtu anayekuja na gari la afya, na baada ya miaka miwili niliacha kuwasahihisha.

Waraka ulitoka Nairobi ukisema kila wilaya iwe na kamati ya dharura, na dharura za mionzi ziwemo. Tulikutana, wilaya mbili pamoja, katika ukumbi wa mikutano: mkuu wa wilaya, polisi, karani wa baraza la mji, mtu wa kilimo, mtu wa barabara, na mimi niliyetumwa kwa sababu bosi wangu alikuwa na mafua. Mkuu wa wilaya alisoma waraka mara mbili, akauweka mezani. "Sasa hiyo nyuklia itatoka wapi, Migori hii?" Mtu wa kilimo akauliza kama itaharibu mahindi. Watu walikuwa wameanza kukusanya kalamu zao wakati mzee mmoja aliyeketi nyuma, Okumu, fundi wa eksirei wa hospitali ya wilaya, aliponyoosha mkono.

"Haitatoka mahali," alisema. "Iko tayari. Hao watu wa barabara wako nayo hapo Suna, kwa kisanduku ya manjano. Wanaweka chini kila siku kupima kama barabara imeshikana."

Mtu wa barabara alikubali kwa kichwa, bila furaha. Mimi nilitoka nje kidogo kwa haja zangu, na niliporudi nikapigiwa makofi. Nilikuwa nimechaguliwa afisa wa dharura za mionzi, wilaya zote mbili.

Nilichokabidhiwa ni kipima mionzi kimoja, sanduku la kijivu lenye mshikio, mshale, na bomba jeusi lililofungwa kwa waya. Kikikaribia mionzi hutoa mlio wa tik, tik, na mionzi ikizidi milio huungana kama mahindi yanayokaangwa. Watu wakakiita redio ya Marwa. Kwa kuwa kilikuwa kimoja na wilaya mbili, kilihama kwa kutiwa sahihi kwenye daftari, na kila upande uliamini upande wa pili unakiharibu. Adui yake hasa alikuwa askari wetu wa zamu, aliyechukua betri akazitia katika tochi yake. Nilijifunza kuzificha chini ya fomu za ukaguzi wa vyoo, mahali ambapo hakuna mtu huweka mkono kwa hiari.

Okumu ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza hakunionyesha chochote cha hatari. Alinipeleka ofisini kwangu mwenyewe, akawasha kipima, akaniambia niketi nihesabu milio kwa dakika moja. Kisha tukaenda sokoni, kisha kwenye mawe makubwa ya kando ya barabara, ambako milio ilizidi kidogo. "Hii ni sauti ya hakuna kitu," alisema. "Kila mahali iko na yake. Usipoijua, siku ya kitu utajuaje?" Niliandika hesabu hizo kila asubuhi kwa miaka. Mkikuta madaftari yamejaa namba zinazofanana, msidhani nilikuwa na wazimu.

Pia alinipa kanuni ambayo nyinyi mmeisoma kwenye vitabu: usikae, usikaribie, weka kitu katikati. Alikuwa mtu mkavu, hakusifu wala hakugomba. Nikikosea alivua miwani na kuifuta mpaka nijirekebishe mwenyewe. Nilimpenda, ingawa sikumwambia, na yeye asingejua la kufanya na habari hiyo.

Waraka ulitaka pia wananchi waelimishwe, na hapo nilijiona hodari. Nilichora kisanduku cha manjano kwenye karatasi ya manila, ukubwa wa mlango, kikiwa kimepasuliwa ili ndani kuonekane. Katikati kulikuwa na fimbo fupi ya chuma, na kwenye ncha yake chembe ya kutoa mionzi, ndogo kuliko punje ya harage. Kuizunguka nilipaka penseli nyeusi nzito. "Hii nyeusi ni risasi," niliwaambia watu. "Madini mazito. Ndiyo huzuia mionzi isitoke. Mkiona kisanduku hiki popote, msikiguse, leteni habari." Nilizunguka na mchoro huo Suna, Osiri kwa wachimba dhahabu, Homa Bay mjini, na mwisho Kendu Bay.

Osiri waliniuliza kama redio yangu inaweza kutafuta dhahabu. Niliposema haiwezi, nusu waliondoka. Kendu Bay walisikiliza zaidi. Mzee mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alisimama, akakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye sehemu nyeusi. "Daktari, hii risasi ni kama kilo ngapi?" Nilifurahi. Nilimjibu kadiri nilivyojua, nikamwonyesha na mahali ilipokaa. Jioni hiyo niliandika katika daftari kwamba wananchi wa Kendu Bay wana ari ya kujifunza.

Miezi kama miwili baadaye, Okumu akiwa ameshastaafu na kurudi kwao, msimamizi wa kambi ya barabara alikuja ofisini kwangu Ijumaa jioni akiwa ameshika kofia mkononi. Kisanduku kilikuwa kimepotea. Tangu lini? Tangu Jumatano. Walikuwa wamekitafuta wenyewe kimyakimya, wakitumaini kingejirudisha. Nilikwenda naye Suna saa hiyo hiyo. Askari wa kambi alikuwa ameketi kwenye ndoo, anatazama miguu yake.

"Mimi sikuiba, daktari," alisema. "Kuna mzee mmoja hununua betri kuukuu za gari hapa kwa magereji. Yeye ndiye aliniuliza kama tuko na kisanduku ya manjano. Nilifikiria ni mzani mbovu tu. Alinipa samaki mbuta mbili kavu, akabeba."

"Mzee wa wapi?"

"Kendu Bay. Anatengeneza chubwi."

Chubwi, kwa wale mliosomea mbali na ziwa, ni vipande vya risasi vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Bila chubwi wavu unaelea kama nguo. Risasi ilikuwa adimu. Mafundi waliitoa katika betri zilizokufa, sahani moja moja, kwa tindikali na kikohozi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ziwani miaka kadhaa. Nyavu hizo nilizipita kila siku nikienda kukagua vyoo vya wavuvi. Sikuwahi kuinama nikatazama zilifungwa nini.

Asubuhi ya Jumamosi tuliondoka na dereva tukaenda Kendu Bay. Mtu wa kwanza tuliyemuuliza alituonyesha boma la fundi wa chubwi. Anaitwa Elija Ogweno, alisema, lakini sasa yuko kanisani, leo ni Sabato. Upande ule Waadventista ni wengi, na siku hiyo hata jiko hupumzika, chakula kimepikwa Ijumaa.

Nilishuka mbali na boma nikawasha kipima, kama nilivyofundishwa. Sauti ya hakuna kitu. Nikatembea. Kwenye ua wa michongoma milio ilianza kusongamana. Mbele yangu kulikuwa na karakana ndogo ya udongo, na mke wa Ogweno alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta wa karakana, anasoma Biblia kivulini. Mshale ulipanda kila nilipopiga hatua kumwelekea.

"Mama, hama hapo, tafadhali."

"Nihame niende wapi? Hapa ndiyo kivuli iko."

"Nenda kule chini ya ule mti wa mbali. Sasa hivi. Nitakueleza."

Alinitazama, akatazama sanduku linalopiga kelele, akakunja mkeka bila haraka. Nilimsihi aharakishe. Nadhani nilipaza sauti, na kumpazia sauti mama wa mtu katika boma lake ni jambo ambalo bado hunisumbua.

Ogweno alirudi kutoka kanisani na Biblia yake kwapani. Ni yeye, yule wa shati jeupe. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya kile kisanduku cha Suna, na uso wake ukafunga.

"Daktari, leo ni Sabato. Mambo ya kazi siongei. Jua likishuka, kuja, tutaongea yote, sitaficha kitu."

Nilijua kwamba jua likishuka angerudi katika karakana. Nilijua pia kwamba mzee wa kanisa hasukumwi. Nikafikiri nifanyeje, nikaona niache cheo changu pembeni.

"Kazi hatuongei, mzee. Ni ugonjwa. Ugonjwa Sabato inakubali?"

Alifikiri kwa haki kabisa, hakufanya mchezo. "Ugonjwa, ndiyo. Hata Bwana aliponya siku ya Sabato."

"Basi nisaidie nijue ugonjwa umeingilia wapi."

Akaweka Biblia juu ya kiti, akanieleza. Kisanduku alikifungua Alhamisi asubuhi. Alikuwa amekumbuka kwamba mionzi imo ndani, kwa hiyo alikifungulia nje, upande wa ziwa, penye upepo, akakiacha wazi muda mzuri ili itoke yote iende. Kisha akatoa risasi, akaiyeyusha, akamimina kwenye kalibu. Chubwi zilikuwa pale kwenye gunia, kubwa, za nyavu za mbuta.

"Na ile fimbo ya katikati?"

"Hiyo sikutupa. Hiyo chuma ni nzuri sana, daktari. Chubwi lazima iwe na tundu ya kamba. Chuma ingine risasi inaishika, unagonga mpaka kalibu inapasuka. Hii inatoka safi." Alionyesha kwa vidole jinsi anavyoishika karibu na ncha, anaizungusha, anaivuta. "Nimefanya nayo Alhamisi na jana. Nikimaliza naweka kwa mfuko wa suruali isipotee."

"Suruali iko wapi?"

"Ya kazi? Nilivua jana jua likishuka. Iko kwa msumari, ndani." Akanyooshea ukuta wa karakana, ule ambao mkewe alikuwa ameuegemea. Kisha akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyekundu kwa ndani, vinang'aa. "Hizi zinawasha kidogo. Nilifikiri ni moto."

Nilimuuliza kwa nini alikitafuta kisanduku hicho hasa. Swali hilo halikuwa la lazima saa ile.

"Si ni wewe ulituambia?" alisema, bila lawama, anashangaa kwamba nimesahau. "Ulileta picha. Ulisema risasi iko pande zote, hata kilo ulisema. Mimi nimevunja betri miaka mingi, kifua imeisha. Nikasema, asante Mungu, serikali imetuonyesha ingine."

Nilikuwa nimezunguka wilaya mbili kwa gari la serikali, nikiwaonyesha watu wanaohangaikia risasi mahali risasi ilipo, kwa mchoro wa rangi.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko kukisoma. Koleo la Ogweno la kuyeyushia lilikuwa refu, nikalifunga kwenye mti wa mwanzi likawa refu zaidi. Dereva aliweka ndoo yenye mchanga mlangoni akarudi nyuma. Niliingia, nikaitoa suruali kwenye msumari kwa koleo, nikaikung'uta, fimbo ikaanguka sakafuni. Kipima kilikuwa kinalia bila kupumua, nikakiacha kilie. Niliishika fimbo mara ya tatu, nikaitumbukiza ndani ya mchanga, nikatoka. Ogweno mwenyewe, kutoka mbali, ndiye aliyesema: "Weka chubwi juu. Si ulisema risasi inazuia?" Tulimimina gunia lote la chubwi ndani ya ndoo na kuizunguka. Mshale ulishuka. Kazi yake yote ya siku mbili ikarudi kuwa kizuizi, na ndoo hiyo tuliizika kwenye shimo tulilolizungushia uzio hadi wataalamu wa Nairobi walipofika. Waliniambia nimefanya vizuri. Sikuwaeleza wazo lilikuwa la nani.

Kulikuwa na chubwi chache alizokwisha kuziuza Ijumaa. Nilizipima zote ufukweni, moja moja, na zilikuwa safi, kwa sababu risasi huzuia mionzi bila kuihifadhi, na chembe ilikuwa bado imefungwa ndani ya ncha. Wavuvi hawakuniamini. Mmoja alisema redio inaweza kudanganya kama redio nyingine. Ikabidi nitie chubwi moja mfukoni mwangu na kutembea nayo mbele yao kwa mwezi mzima, kila nilipofika ufukweni naitoa naionyesha. Njia hiyo haimo katika mwongozo wowote, lakini samaki waliendelea kuuzwa.

Mkewe alipimwa hospitalini, hakupata kitu. Ile siku moja ya mapumziko ilimwokoa Ogweno paja. Bila hiyo angeivaa suruali ile wiki nzima. Vidole havikuokoka.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Polisi walimfungulia kesi ya kupokea mali ya wizi. Jumatatu niliitwa kituoni kama shahidi wa serikali. Niliketi kwenye benchi, kipima kimo magotini. Inspekta alikuwa mtu wa haki, aliandika polepole. Alitaka kujua jambo moja: mtengeneza chubwi wa Kendu Bay alijuaje kwamba ndani ya kisanduku cha watu wa barabara, huko Suna, kuna risasi? Nani alimwambia? Kama kuna mtu kambini anauza siri, ni genge.

Ogweno alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Hakuna mtu aliniambia," alisema. "Nilikisia. Uzito yake."

"Ulikisia kabla ya kuibeba?"

"Nilikisia tu, afande."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na daftari lenye tarehe ya baraza, jina la mahali, na maneno yangu kuhusu ari ya wananchi. Nilitazama mshale wa kipima, ambao haukuwa na la kusema. Inspekta akafunga jalada.

Hakuwa na wakili. Hakimu alisema mtu anayesafiri kutafuta kitu kwa rangi yake hawezi kuwa amekisia, na kwamba kukataa kumtaja mwenzake kunaonyesha hana majuto. Alimpa miezi tisa. Akiwa ndani, ngozi ya vidole ilifunguka ikakataa kufunga, na viwili vya mkono wa kulia vilikatwa. Habari hiyo ililetwa ofisini kwangu kama nakala, kwa sababu nilikuwa afisa husika.

Alipotoka nilikwenda Kendu Bay. Nilichagua siku ambayo si Sabato, nisimpe mahali pa kujificha, au nisijipe mimi. Mkewe ndiye aliyekuwa anamimina risasi ya betri sasa, Ogweno ameketi kwenye kiti anamwelekeza kwa maneno. Aliniletea kiti kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Nilisema pole pia, lakini hilo alilipokea haraka na kuliweka kando.

"Ningesema ni wewe, wangekufukuza?" aliuliza.

"Labda. Wangenihamisha, kwa uchache."

"Na hiyo redio ingeshikwa na nani?"

Okumu alikuwa ameondoka. Katika wilaya zote mbili hakukuwa na mtu mwingine aliyejua hata kuweka betri.

"Mimi niliona," akasema. "Ile siku ulimfukuza mama kwa ukuta. Nikajua kama huyu akiondoka, wengine watakaa tu hapo kwa kivuli."

Nilikaa katika kazi hiyo mpaka mwisho. Mchoro wa manila niliuchoma. Mpya niliouchora una kisanduku kwa nje tu, na mkiuona ukutani mnaweza kudhani nilikuwa mvivu wa kuchora. Kabla ya kufundisha mahali popote nilikwenda kwanza siku mbili bila kusema neno, nikauliza watu wanahitaji nini, wanakosa nini, wanatengeneza vitu vyao kwa kutumia nini. Fanyeni hivyo. Itawachelewesha, na bosi wenu atalalamika.

Lakini sikuandika haya yote kwa ajili ya ushauri. Katika kabati lile lile la kipima, rafu ya chini, kuna ripoti yangu ya tukio la Kendu Bay. Ukurasa wa nne una swali: mtuhumiwa alipataje habari za kilichomo ndani ya kifaa? Nimejibu hapo kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini: haijulikani. Elija Ogweno amekufa, na mkewe bado yuko Kendu Bay. Mkipata nafasi, toeni ripoti hiyo, kateni neno hilo kwa wino mwekundu, mwandike juu yake kwamba aliambiwa na afisa wa mionzi, hadharani, kwa mchoro, na kwamba afisa huyo alikuwa ameketi kwenye benchi Ogweno alipoulizwa. Kisha mpelekeeni mama nakala.